Mama anameza osimertinib, sasa anakohoa

SWALI: Shikamoo mama mfamasia. Mama yangu ana saratani ya mapafu ingawa hajawahi kuvuta sigara. Anameza osimertinib, miligramu 80 kwa siku. Kucha zinamuuma, na wiki hii ameanza kikohozi kikavu. Jirani anasema ni TB, tumpe dawa alizobakiza mjomba. Tufanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Nakusihi, dawa za mjomba usimpe. Rifampisini iliyo kwenye dawa za TB hulifanya ini liivunje osimertinib haraka, ikabaki kidogo mno mwilini. Kama ni TB, ithibitishwe kwa vipimo, kisha daktari wake wa saratani apange tiba upya.

Kikohozi ndicho kinachonitia hofu. Kwa wagonjwa wachache osimertinib huleta uvimbe ndani ya mapafu yenyewe, na unaweza kuua. Mpeleke hospitali leo, hasa kama anahema au ana homa, na mwulize daktari kabla hajameza kidonge kingine. Moyo ukienda mbio au akizimia, usingoje hata saa moja.

Kucha ni usumbufu wa kawaida wa dawa hii. Apake mafuta mazito pembeni mwa kucha, avae kandambili. Zikitoa usaha azionyeshe.

Kuhusu sigara: osimertinib hupewa mwenye badiliko la jeni iitwayo EGFR ndani ya saratani yake, nalo huonekana zaidi kwa wasiovuta. Nenda na majibu ya kipimo cha jeni hiyo hospitali, pamoja na pakiti ya kila dawa anayotumia, hata za mitishamba.