Achana na hiyo njia ya mkato ya Hell's Gate

Umeuliza mambo mawili kuhusu safari yenu ya baiskeli katika mbuga ya Hell's Gate, Naivasha: kama Buffalo Circuit, ile njia ya mzunguko ndani ya mbuga, inawezekana kwa siku moja, na kama kile kijia alichokutajia mkodishaji wa baiskeli kinapitika mkitoka bondeni. Naanza na hicho kijia, kwa sababu nimesoma "kinakwepa vumbi na kupunguza kilomita nne" nikahisi tumbo linakaza. Miaka mitatu iliyopita niliambiwa maneno hayo hayo. Hata kilomita ni zile zile.

Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu. Kwenda ni raha tupu. Unaingia lango la Elsa, unapita mnara wa mwamba wa Fischer, pundamilia wako huku na huku, ngiri wamepiga magoti wanakula, na barabara inateremka kidogo kidogo bila wewe kujua. Kurudi ndiko kupanda, tena jua la saa nane na upepo unaokumwagia vumbi usoni. Hapo ndipo tulipomkumbuka yule kijana aliyetukodishia baiskeli: "Mkiona kijia kwenye vichaka vya leleshwa, kateni."

Tukakata. Mita mia mbili za kwanza zilikuwa tamu. Kisha udongo ukawa laini kama unga, magurudumu yakawa yanazama, na leleshwa ikatufunga pande zote. Tairi langu la nyuma likaisha upepo. Nikainama, nikakuta miiba mitatu ya mgunga, mmoja mrefu kama njiti ya kiberiti, umepenya mpaka kwenye tyubu. Pampu hatukuwa nayo, maana tulihakikishiwa kwamba "haya matairi hayatobolewi." Hayatobolewi na nini, na maji?

Nikiwa bado nimeinama nikasikia pumzi nzito. Nyati dume, peke yake, alikuwa amelala kivulini, hatua kama ishirini. Akaanza kuinuka taratibu, makalio kwanza, tope kavu likimdondoka ubavuni. Mdogo wangu akageuza baiskeli, akaikanyaga kushuka, akabana breki ya mbele. Breki ile ilikuwa haishiki kabisa au inashika yote kwa mpigo. Akaruka juu ya usukani. Mlio wa mtulinga wake ukivunjika ulikuwa kama kijiti kikavu, na bado nausikia. Nyati akakimbilia upande wa pili. Mungu ni mkubwa.

Tulikokota baiskeli mpaka barabarani, mkono wake nimeufunga kwa shati langu. Gari la askari wa KWS, Shirika la Wanyamapori Kenya, ndilo lililotuokota, jioni ikiwa imeingia. Mdogo wangu ni fundi cherehani. Msimu mzima wa kushona sare za shule za Januari ulimpita akiwa na mkono kifuani. Na yule kijana aliyetutuma kwenye miiba? Alitudai pesa ya rimu! Hakuuliza hata mgonjwa anaendeleaje. Hilo sijalisamehe.

Kesho yake nilirudi na askari mmoja kutafuta simu yangu. Akanionyesha mistari yetu kwenye majani, halafu mita chache pembeni, mfereji unaonifika gotini. "Huu nao ulianza kwa baiskeli," akasema. Ardhi ile ni majivu ya volkano na mawe mepesi. Tairi likishalaza majani, mvua inapata pa kupita, inachimba. Hakunifokea, na ndiyo maana aibu iliniingia zaidi. Tulikuwa tumemtoa mnyama kivulini kwake na kumwachia jeraha ardhini.

Kwa hiyo shika hili moja, uwaambie wenzako wote wanne: pasipo na alama za tairi la gari, baiskeli yako haipiti. Hata kama ni mita kumi. Hata kama umechoka na unaiona barabara kule ng'ambo. Wanyama wakivuka, simama mbali, wamalize. Usiwapigie kengele wala kuwakimbiza ili upate picha.

Buffalo Circuit inafuata barabara halali, lakini ina milima na mchanga, kwa hiyo ifanyeni asubuhi na mbebe maji ya kutosha, si baada ya bonde mkiwa mmechoka. Na mkiona wingu zito kwenye vilima, msishuke bondeni. Mafuriko ya ghafla yaliua watu mle 2012, yakaua tena 2019.

Kabla hujatoa hata shilingi, ipande hiyo baiskeli, ibane breki moja moja, omba pampu, viraka na tyubu ya akiba. Wakodishaji pale njia panda ni wengi. Atakayeanza kukuelekeza vijia kabla hajakupa pampu, msalimie vizuri, nenda kwa jirani yake.