Karibea hadi Mto Amazon kwa meli: niliyojifunza nilipompeleka mama

Kadi ya njano ya mama, ile ya chanjo ya homa ya manjano, imechakaa kona zote, na mhuri wake una zaidi ya miaka kumi. Wakala aliyetuuzia safari aliitupia jicho tu akasema imekwisha muda wake, mama akachanjwe upya. Nashukuru hatukukimbilia sindano. Daktari wa chanjo za wasafiri alitueleza kwamba tangu Julai 2016 cheti cha homa ya manjano ni cha maisha, na kwamba kwa mtu aliyevuka miaka 60 chanjo hiyo ina hatari zaidi ya madhara makubwa. Mama ana 68. Kwa hiyo msikilize daktari kwanza, wakala baadaye. Kama hujawahi kuchanjwa, usingoje wiki ya mwisho: cheti huanza kutambulika siku ya kumi baada ya sindano. Visiwa vingi vya Karibea hukiulizia kwa anayetoka nchi yenye homa hiyo, na Brazil ni mojawapo.

Jambo la pili ni viza. Sisi wenye pasipoti ya Tanzania tunahitaji viza ya Brazil, hata kama kila usiku utalala melini. Na kama umeanzia safari kwenye nchi uliyotembelea tu, kama mama alivyokuwa kwangu Kanada, hakikisha viza yake inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, usije ukakwama kurudi.

Tulipanda meli Bridgetown, Barbados, mwezi wa Februari. Msimu wa vimbunga Karibea ni Juni hadi Novemba, hivyo Februari bahari huwa na nafuu, ingawa si shwari. Chukua chumba cha chini, katikati ya meli, ambako mtikisiko ni mdogo. Usilipie roshani. Mtoni kuna kingo mbili na roshani yako itakuonyesha mmoja. Alfajiri utakuwa juu kwenye deki pamoja na wenzako. Pesa hiyo itunze kwa ajili ya mitumbwi, nitaieleza.

Visiwa nitavipita haraka, isipokuwa Grenada. Pale sokoni mama alisimama ghafla mbele ya kapu, akachukua kitu chekundu kilichokauka, akakivunja kwa kucha na kukinusa. "Mwanangu, si basibasi hii?" Ilikuwa basibasi kweli, na kungumanga zake kando. Wagrenada wanaiita nchi yao kisiwa cha viungo, kama sisi tunavyoisema Unguja, na kungumanga iko hadi kwenye bendera yao. Muuzaji, mama wa makamo, alitueleza jinsi kimbunga Ivan cha mwaka 2004 kilivyong'oa mikungumanga, na mti huo huchukua miaka mingi kuzaa. Mama akamshika mkono. Kisha tukala chakula chao cha taifa: shelisheli lililopikwa kwa tui na manjano. Omba lisilo na nyama ya chumvi, maana mara nyingi ni ya nguruwe.

Baada ya hapo ni bahari tupu siku kadhaa, halafu maji yanaanza kugeuka: buluu, kijani, hudhurungi. Nchi kavu bado huioni, lakini tayari unaelea juu ya maji ya Amazon. Karibu na Macapá, mji uliokatwa na mstari wa ikweta, wanapanda marubani wa mto, kwa kuwa mafungu ya mchanga huhamahama. Meli yetu ilifunga chumba cha kufulia kwa kuwa maji ya tope hayafai kusafishwa melini, na usiku taa za nje zilizimwa kwa sababu ya wadudu. Fua nguo zako kabla, beba mikono mirefu na dawa ya mbu.

Sasa mitumbwi. Meli kubwa inapita katikati ya mto, na msitu unauona kama ukuta kwa mbali. Kila bandari tafuta mwenyeji mwenye mtumbwi wa injini ndogo aingie nawe kwenye vijito. Kwenye kijiji cha Boca da Valéria watoto watakuletea mnyama wa mitini mwenye mwendo wa polepole sana (kwa Kiingereza sloth), anayejikunja kifuani, wenyewe humwita preguiça, yaani uvivu, upige naye picha kwa dola moja. Tafadhali usilipe. Dola hiyo ndiyo inayomtoa mtini. Nunua vinyago vyao, au mlipe mtoto akuonyeshe kijiji.

Karibu na Manaus, jiji tuliloshukia, mto Rio Negro mweusi kama chai ya rangi hukutana na mto Solimões wa rangi ya udongo, na kwa kilomita kama sita maji hayachanganyiki, kwa kuwa joto, mwendo na uzito wake vinatofautiana. Mwambie mwenye boti avuke mpaka huo polepole, kisha zamisha mkono. Mama alifanya hivyo: upande mweusi vuguvugu, upande wa pili baridi. Akarudia mara tatu.

Usipande ndege siku unayoshuka. Lala Manaus walau siku mbili, uone jumba la opera lililofunguliwa mwaka 1896 kwa fedha za biashara ya utomvu wa mpira, na bandarini uone ukuta ulioandikwa kimo cha mafuriko ya kila mwaka. Mwaka 2021 mto ulipita mita 30. Sokoni kuna unga wa muhogo wa chenga, farinha, unaonyunyizwa juu ya kila chakula. Muhogo wetu asili yake ni huko Amerika Kusini, Wareno ndio waliouleta Afrika. Kiingereza huko hakikufikishi mbali, kwa hiyo jifunze walau maneno mawili: peixe ni samaki, porco ni nguruwe. Mama alijifunza peixe siku ya kwanza, na kila jioni alirudi kwa muuzaji yuleyule wa tambaqui wa kuchoma, samaki mwenye mbavu nene kama za mbuzi.