Mtoto anataka kukusanya sarafu? Anzieni kwenye kopo la bibi

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Mwanao wa miaka tisa ameokota senti yenye tundu shambani kwa babu yake, sasa anataka kukusanya sarafu, aanzie wapi? Halafu mwishoni ukachomekea kama "humo kuna hela". Hilo la pili ngoja kwanza, maana ndilo huwa linaliharibu la kwanza.

Mimi nilianza na miaka kumi hivi, Tanga, kwenye kopo la maziwa ya unga la marehemu bibi yangu. Mlikuwa na vifungo, pini, na senti kama thelathini zimetungwa kwenye uzi wa katani mithili ya shanga. Bibi alisema ndivyo walivyozibeba wakienda sokoni, kanga haina mfuko. Zilikuwa zile za Mwingereza, zimeandikwa EAST AFRICA, pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Aliniazima uzi ule kwa sharti nisiukate.

Nikakaa barazani nikizisoma moja moja. Karibu zote GEORGIVS, GEORGIVS, yaani mfalme George. Kisha nikakuta moja ya 1936 imeandikwa EDWARDVS VIII, yaani Edward wa Nane. Nikaikimbizia kwa mwalimu wa historia, akacheka, akaniambia huyo mfalme hakumaliza hata mwaka: alikiacha kiti Desemba hiyohiyo ya 1936 ili amuoe mwanamke aliyempenda. Kwao Uingereza sarafu zake hazikuwahi kuingia mtaani. Kwetu ziliingia, kwa sababu ya lile tundu. Sarafu za tundu hazikuwa na picha ya mfalme, jina tu lilitosha. Wala si adimu, zilitengenezwa nyingi. Ila kwa mtoto wa darasa la nne, kujua kwamba bibi alinunulia chumvi kwa jina la mfalme ambaye Waingereza wenyewe hawakumshika mfukoni, basi, nilikuwa nimenaswa.

Kwa hiyo kabla hujamnunulia chochote, mwambie asome alichoshika. Mwaka, jina, mnyama, ukingo.

Baada ya hapo, seti rahisi kwa Mtanzania ni ya 1966, zile za kwanza za Benki Kuu yetu: senti 5 ya samaki, senti 20 ya mbuni, sumni (senti 50) ya sungura, na shilingi ya mwenge, zote zina Nyerere upande wa pili. Senti 10 ya pundamilia ilikuja baadaye, 1977. Hizi bado zimejaa kwenye makopo ya wazee. Za leo ziko mfukoni mwako: faru kwenye 50, swala kwenye 100, simba kwenye 200, nyati kwenye 500. Kama una ndugu Kenya, mwombe zenye sura za Kenyatta, Moi na Kibaki, maana Katiba yao ya 2010 ilikataza sura ya mtu kwenye fedha, na tangu Desemba 2018 sarafu mpya ni twiga, faru, simba na tembo.

Mwonjeshe na lugha. Hela tunayoililia kila siku ni heller ya Mjerumani, iliyoanza 1904. Rupia moja ilikuwa heller 100. Kabla ya hapo rupia ilikuwa pesa 64. Na shilingi tano ilikuwa dala, ndiyo daladala ikapata jina. Mwanangu alipoishika heller moja, kijisarafu cha shaba chenye taji, akaniuliza, "Kwa hiyo hii ndiyo hela yenyewe?" Ndiyo yenyewe.

Sasa kosa langu. Bibi alikuwa na rupia moja ya Mjerumani, ya fedha, Kaizari amevaa kofia yake ya vita, imeiva weusi wa miaka. Nikaona aibu, nikaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikawaka. Nilijisifu wiki nzima. Miaka kama ishirini baadaye nikamwonyesha mnunuzi mmoja mjini, akaiweka chini ya lenzi sekunde mbili tu: "Imesuguliwa hii." Akanipa bei ya fedha kwa uzito, kama bangili iliyovunjika. Sikuuza. Ninayo mpaka leo, inang'aa kijinga. Ule weusi ndio wanunuzi wanautaka, mkuu. Udongo wa shambani mwondolee kwa maji tu, akaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini, basi.

Kuhifadhi hakuna siri: bahasha ndogo za karatasi, ashike pembeni asiguse uso. Vile vifuko laini vya plastiki huacha ute wa kijani baada ya miaka, na huku pwani chumvi ya hewani inamalizia kazi. Juu ya bahasha aandike ameipata wapi na kwa nani. Mimi sikuandika, sasa kuna sarafu kumi hivi sijui zilitoka kwa shangazi yupi.

Haya, hela. Mjomba wangu aliliwa akiba yake na vijana waliodai kuna tajiri wa nje anatafuta rupia "inayovuta punje za mchele". Kwanza alipe gharama za kupima. Akalipa mara tatu. Rupia ya kweli haivuti kitu: ni fedha, gramu 11.66, sumaku haiishiki, na sonara yeyote anaweza kukupimia. Ile ya dhahabu yenye tembo, rupia 15, iliyotengenezwa Tabora 1916 kwenye karakana ya reli wakati wa vita, ni ghali kweli, lakini zilitoka kama 16,000 tu na za bandia ni tele. Ukiletewa stendi imefungwa kwenye leso, rudi nyumbani. Na sarafu za kale za Kilwa zilizo chini ya magofu msiziguse, kule kuchimba bila kibali ni kesi.

Senti ya mwanao ni ya mwaka gani? Kama si ya 1936, niambie. Nilirithi uzi wa bibi, na za Edward ziligeuka kuwa mbili. Ile ya pili ilijificha nyuma ya fundo. Nitalifungua fundo, siukati.