Injini Moja Ikikosa Nguvu Ziwani, ya Pili Ndiyo Kipimo

Kwa muda wa miezi miwili injini ya kushoto ya boti yangu ilinisumbua kwa namna ambayo mafundi wengi huichukia: ilipoteza nguvu, ikazirudisha yenyewe, na ilipofikishwa kwa fundi haikuonyesha dalili yoyote. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaoendesha boti za injini mbili Matema, Itungi na kwingineko kwenye Ziwa Nyasa, kwa sababu nilitumia fedha nyingi kununua vipuri ambavyo sikuvihitaji, na kwa sababu ziwani kwetu injini kuzimika si suala la fedha peke yake. Chini ya Milima ya Livingstone ufuko hutumbukia ghafla. Ukiiacha nchi kavu kidogo tu kamba ya nanga haifiki chini, na upepo wa kusini ukianza kuinua mawimbi hutapata nafasi ya kufungua kabureta.

Boti yangu ni ya faiba. Injini zake mbili ni za nguvu ya farasi 40 kila moja, za aina ile ya kuchanganya oili na petroli, na kila moja hunywa kutoka kwenye tangi lake la lita 25. Tukiwa na mzigo, mara nyingi abiria pamoja na vyungu vya Ikombe, injini ya kushoto ilikwenda vizuri kwa dakika 20 hivi kwa kasi kubwa, kisha mlio wake ukaanza kushuka taratibu, pua ya boti ikainuka na boti ikaanza kulima maji. Nikipunguza mafuta kwa dakika chache, ilipona. Nikiongeza tena, nguvu zilirudi, wakati mwingine hadi mwisho wa safari.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, wa pili akasafisha kabureta, na wa tatu, ambaye nilimpelekea injini hadi Mbeya mjini, akabadilisha koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche. Wote waliiwasha ndani ya pipa la maji ikanguruma bila kasoro. Sasa naelewa kwamba pipa haliwezi kuonyesha tatizo la namna hii, kwa kuwa injini iliyo kwenye pipa haisukumi mzigo wowote na hunywa petroli kidogo sana. Ipo pia sababu ya mwinuko: Mbeya mjini pako kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa ziwa hauzidi mita 500, na hewa ya juu ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa kule ipunguze petroli ili ilingane na hewa hiyo itakuwa na njaa ya petroli ikishuka Kyela. Urekebishaji wa mwisho ufanyike ziwani.

Jambo ambalo ningependa ningelijua tangu mwanzo ni kwamba mwenye injini mbili tayari anamiliki kipimo bora kuliko vyote. Injini zote mbili zikidhoofika kwa wakati mmoja, shuku kile zinachoshirikiana, kama petroli iliyonunuliwa mahali pamoja au tangi moja linalozilisha zote. Ikidhoofika moja tu, chanzo kiko upande wake. Hata hivyo, kuwa makini hapa, maana mimi nilidanganyika: injini moja ikishuka, boti huwa nzito, na ile nzima nayo hupunguza mizunguko kwa kuelemewa, hata ukadhani zote zinaumwa. Iinue ile unayoishuku itoke majini, uendeshe kwa nyingine peke yake karibu na ufuko, kisha ubadilishane. Utajua ni ipi.

Baada ya hapo, hamisha vitu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kimoja kimoja, na usihamishe viwili kwa safari moja. Nilianza kwa kuunganisha tangi la kushoto pamoja na mpira wake wa kupitisha mafuta kwenye injini ya kulia, na la kulia kwenye ya kushoto. Siku hiyo injini ya kushoto ilikwenda bila kusita, na ya kulia, ambayo haikuwahi kuugua, ikaanza kukata nguvu. Plagi, kabureta na koili vilikuwa vimesingiziwa. Safari iliyofuata nilibadilisha mipira tu, matangi yakabaki yalipo, na ugonjwa haukuhama tena, kwa hiyo ulikuwa ndani ya tangi.

Nilimwomba kijana anayenisaidia akae nyuma, aishike ile pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta. Injini ilipoanza kushuka alipaza sauti, "Kaka, pampu imenywea!" Niligeuka nikaiona imebonyea pande zote mbili, kama chungwa lililokamuliwa. Dalili hiyo ina maana kubwa. Pampu ikinywea, injini inavuta lakini kuna kizuizi kabla ya pampu: tundu la hewa la kifuniko cha tangi limefungwa, au mdomo wa bomba la ndani umeziba. Ikiwa laini bila kubonyea, na ukiiminya injini inapata nafuu, tafuta mahali mpira unapovuta hewa, hasa kwenye viungio vyenye oringi (pete za mpira za kuziba) zilizochakaa, au shuku pampu ya petroli ya injini yenyewe. Ikiwa ngumu na nguvu bado zinapotea, petroli inafika, hivyo nenda mbele kwenye filta, kabureta au umeme.

Tundu la hewa lilikuwa wazi. Tulipotia nanga tuliling'oa bomba la ndani, na kwenye wavu wake hatukuona kitu. Nilimimina petroli yote polepole kupitia kitambaa, na mwishoni kikatoka kipande cha karatasi ya rangi ya fedha, upana wake kama sarafu, kimejikunja ukingo mmoja. Kilikuwa ile karatasi inayoziba mdomo wa chupa ya oili, ambayo tulizoea kuitoboa kwa bisibisi wakati wa kuchanganya. Kwa kasi kubwa mvuto ulikinyanyua kikaja kufunika wavu. Nikipunguza mafuta mvuto ulilegea, kikadondoka chini, na injini ikapona. Hakuna plagi ambayo ingetibu hilo.

Kuna dalili nyingine ambazo ni vizuri kuzitofautisha mapema. Kasoro ya umeme kwa kawaida hukata ghafla, kama mtu aliyezima swichi, na hapo angalia waya wa swichi ya kuzimia na viungio vyake. Kasoro ya petroli hushuka taratibu. Mlio ukipanda huku boti haiongezi mwendo, angalia mpira wa kati wa propela, huenda umeachia. Mkondo mdogo wa maji ya kupoozea ukififia, zima injini hapo hapo.

Ikikutokea katikati ya safari, usiisukume ile nzima hadi mwisho ili kufidia. Punguza mwendo, elekeza pua kwenye mawimbi, waambie abiria wakae katikati, kisha iunganishe injini iliyodhoofika kwenye tangi lingine. Siku hizi natembea na tangi la akiba la lita 10 lenye petroli iliyochujwa na mpira wake. Karatasi ya chupa ya oili huondolewa yote kwa kisu, ukingo hadi ukingo, na kijana hunionyesha mkononi kabla hajamimina nusu lita ya oili kwenye lita 25 za petroli.