Unaitaka El Camino mpya? Soma hapa kabla hujaagiza yuti ya Australia

Wapenda magari wa Marekani wana ubishi wao usiokwisha, kama wetu wa Simba na Yanga: je, pikapu zinazotoka Australia zinaweza kuirudisha El Camino? Nimeusikia kwenye maonyesho ya magari ya zamani hapa Texas, kwenye gereji, hata kwenye foleni ya mafuta mtu anapoiona gari yangu na kuuliza ni mnyama gani. Nimemiliki El Camino ya miaka ya themanini, na sasa naendesha Holden ya Australia, kwa hiyo nina la kusema. Kiwandani El Camino hairudi. Gereji kwako inaweza kurudi, mradi uheshimu sheria ya umri na ujue unanunua nini.

Kwa ambaye hajaiona, El Camino ni gari dogo lililokatwa mgongo likapewa sehemu ya mzigo. Waliokulia Afrika Mashariki wakumbuke Peugeot 504 pikapu au Datsun 1200: ukikaa usukani unahisi saluni, ukigeuka nyuma unaona magunia. Wazo lenyewe lilianzia Australia. Mke wa mkulima wa Gippsland aliwaandikia Ford barua akitaka gari la kumfikisha kanisani Jumapili bila kulowa na kupeleka nguruwe sokoni Jumatatu. Kijana Lew Bandt wa kiwanda cha Geelong ndiye aliyelichora, na mwaka 1934 magari ya kwanza yakatoka. Waaustralia wakayaita yuti. Wamarekani walikuja baadaye, Ford na Ranchero mwaka 1957, Chevrolet na El Camino mwaka 1959. Ranchero ikafa 1979, El Camino 1987. Pikapu ndogo za kweli, S-10 ya Chevrolet ikiwemo, zilikuwa zimeshamchukua mteja wake, na magari madogo yaliyoizaa yalikuwa yanahamia mfumo wa kuvuta kwa magurudumu ya mbele.

Wanaoamini kwamba itarudi hukutajia Pontiac G8 ST. Kweli, hapo tulikaribia. Machi 2008, kwenye maonyesho ya New York, GM, wenye Chevrolet, Pontiac na Holden, walionyesha yuti ya Holden yenye usukani wa kushoto, injini ya V8 ya lita 6 na nembo ya Pontiac. Ingeundwa kiwanda cha Elizabeth, Australia Kusini. Januari 2009 wakaifuta, Juni mwaka huohuo GM ikaomba kinga ya ufilisi, na Pontiac yenyewe ikazikwa. Tangu hapo mambo yamezidi kuwa magumu: Ford waliacha kuunda magari Australia Oktoba 2016, Holden wakafunga Elizabeth Oktoba 2017. Kiwanda hakipo, mashine zimeuzwa, jina la Holden limestaafishwa. Ukimsikia mtu anasema "wataileta tu siku moja", mwulize wataileta kutoka wapi.

Basi kinachobaki ni mtumba, na mtumba Marekani una sheria kali kuliko nyumbani. Kenya hawataki gari lililozidi miaka 8. Marekani ni kinyume: gari ambalo halikuundwa kwa viwango vyao vya usalama huliingizi kirahisi mpaka litimize miaka 25. Miaka hiyo huhesabiwa tangu mwezi lilipoundwa, wala si kwa mwaka wa modeli ulioandikwa kwenye tangazo. Yuti za Holden za kizazi cha VU zilianza mwishoni mwa 2000, kwa hiyo ndiyo kwanza zimeanza kuruhusiwa. Zile za VE, ndugu halisi wa G8 ST ambazo kila mtu anazitamani, zilianza 2007. Hizo utazisubiri mpaka 2032. Muuzaji anayekuambia kuna njia ya mkato ya kuingiza VE nzima leo, mwache aende na njia yake. Kuna mafundi wanaochukua G8 ya milango minne iliyouzwa Marekani na kuifunga mgongo wa yuti. Hiyo ni kazi nyingine, na bei yake ni nyingine kabisa.

Sasa uchague ipi? Hapa ndipo watu hukosea kwa kufuata nembo na rangi. Mimi huanza na swali moja tu: injini hii naipatia vipuri hapa mjini?

Holden VS, iliyouzwa kama yuti kuanzia 1995 hadi 2000, ndiyo ninayoendesha mimi, yenye V6 ya lita 3.8. Injini hiyo asili yake ni Buick ya Marekani. Plagi, koili na sensa kadhaa nimezinunua duka la vipuri la mtaani, muuzaji akidhani nina Buick ya bibi. Haina mbio za kutisha, lakini inawaka kila asubuhi. VU inakupa V6 hiyohiyo, au V8 ya lita 5.7 ambayo ni LS1, familia ileile iliyokuwa kwenye Corvette na Camaro. Kuna na faida ambayo wengi hawaijui: Pontiac GTO ya 2004 hadi 2006 ilikuwa Holden Monaro iliyobadilishwa nembo, kwa hiyo vipuri vingi vya chini mbele unavipata humuhumu Marekani. Ukiniuliza yuti ipi inakaribia roho ya El Camino SS, toleo lake la mbio, nitasema VU yenye V8 bila kusita. Ila LS1 za mwanzo zilizofungwa Australia zilijulikana kwa kula oili na kugonga zikiwa baridi. Mwambie muuzaji akurekodie video ya injini ikiwashwa asubuhi kabla haijapata moto, na sauti isikike. Akikutumia video ya injini iliyokwisha kupata joto, ujue kuna jambo.

Ford Falcon AU ya 1999 ni gari la kazi kweli. Sehemu yake ya mzigo imetengwa na kibini, nyuma ina ekseli nzima na springi za mabamba, na baadhi zilipewa uwezo wa kubeba tani moja. VU kwa upande wake ina sasipenshi huru nyuma, inakaa barabarani kama saluni. Tatizo la Falcon ni injini ya silinda 6 ya lita 4, ambayo Marekani haikuuzwa kamwe. Kila kitu chake utaagiza Australia. Kama wewe ni fundi na una subira, sawa. Kama unategemea gari likupeleke kazini Jumatatu, achana nayo.

Ushuru nao una kisa. Mwanzoni mwa miaka ya sitini Wazungu wa Ulaya walipandisha kodi ya kuku wa Marekani, na mwaka 1963 Rais Johnson akajibu kwa ushuru wa asilimia 25 kwenye wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori mepesi. Mengine yalikwisha kuondolewa, malori yakabaki hadi leo. Subaru walikwepa kwa kufunga viti vya plastiki kwenye sehemu ya mzigo ya BRAT ili ihesabiwe gari la abiria, na Ronald Reagan alikuwa nayo moja shambani kwake. Wewe usijaribu ujanja huo. Mkataba wa biashara huria kati ya Marekani na Australia, ulioanza Januari 2005, uliondoa ushuru huo kwa malori mepesi yenye asili ya Australia, ila nafuu hiyo lazima uidai mwenyewe na uthibitishe asili ya gari. VIN, yaani namba ya chesisi, ikianza na tarakimu ya sita (6), ni mwanzo mzuri. Wakala wa forodha asiyeujua mkataba huu atakulipisha robo ya thamani ya gari bila hata kukuuliza. Mwulize kabla hujamkabidhi kazi, na umwombe makadirio kwa maandishi, maana tangu 2025 viwango vya ushuru wa Marekani vimekuwa vikibadilikabadilika.

Kwenye ukaguzi, kutu ndiyo adui. Yuti nyingi zimelala ufukweni na mbao za kuteleza mawimbini, nyingine zimebeba mbolea na ng'ombe wadogo. Mtu aliyeko kule ainue zulia la plastiki la sehemu ya mzigo, apige picha pembeni kabisa na chini ya kingo. Puti hufichwa hapo. Lipia dola 2 za Australia kwenye rejista yao ya serikali iitwayo PPSR, ingiza namba ya chesisi, utaona kama gari lina deni, liliibwa, au liliwahi kufutwa baada ya ajali. Sijaona bima ya bei rahisi kuliko hiyo. Halafu chini lioshwe kwa presha hadi ling'ae, kwa sababu wakaguzi wa Marekani hawataki udongo wa nchi nyingine. Wakiukuta, gari linakaa bandarini na wewe unalipia kila siku.

Usukani wa kulia huwatisha Wamarekani. Sisi tuliojifunza kuendesha Dar es Salaam au Mombasa mkono unajua ulipo, na hii ndiyo sehemu pekee ya safari hii ambapo Mswahili anaanza akiwa mbele. Bado kuna mawili. Ku-overteki kwenye barabara ya njia mbili ni kazi ya mtu wa kushoto kukuchungulia, na kama uko peke yako, kaa nyuma ya lori kwa adabu. La pili ni taa. Taa za gari lililoundwa kwa ajili ya upande wa kushoto hurusha mwanga kushoto, na Marekani huko ndiko anakotokea mwenzako. Zirekebishe au uzibadilishe kabla ya safari ya usiku, hata kama mkaguzi hakusema kitu. Kununua chakula dirishani na kulipia barabara, utazoea.

Ofisi ya usajili itembelee kabla ya kununua, siyo baada. Kila jimbo lina yake, na California usiguse bila ushauri wa mtu aliyefanikiwa huko, kwa sababu vipimo vyao vya moshi kwa magari ya nje ni vya kufilisi. Ukifika, simama karani anapoandika kilomita. Yuti yenye kilomita 240,000 ikiandikwa maili 240,000, siku ya kuuza utajieleza sana. Bima tafuta ile ya magari ya wakusanyaji, mnayokubaliana thamani mapema. Kampuni ya kawaida haitajua hata gari lenyewe ni nini.

Kuna wanaoniambia Ford Maverick na Hyundai Santa Cruz ndizo El Camino za leo. Kwa muundo wana haki, kwani zote zimejengwa juu ya magari madogo na siyo juu ya fremu ya lori. Kwa matumizi zinatosha kabisa, na kama shida yako ni kubeba mbao na kwenda kazini, nunua Maverick ulale usingizi. Lakini zina milango minne na zimesimama wima. Mtu anayelilia El Camino analilia kitu kirefu, cha chini, chenye milango miwili.

Na mtu huyohuyo, kama hajawahi kushika spana na hana mtu anayemwamini Australia, mimi humwambia anunue El Camino yenyewe ya 1978 hadi 1987. Ina usukani wa kushoto, ina fremu kamili chini, vipuri vyake bado vinatengenezwa, na kila fundi mzee wa Texas ameshaifungua. Yangu niliiuza kwa kijana aliyekuja na baba yake, na baba ndiye aliyekuwa na haraka ya kulipa.