Ukitaka kuwavulisha wageni Pemba, anza na watu wa diko

Vijana wananipigia simu kuniuliza juu ya kazi hii ya kuwachukua wageni wanaovua kwa fimbo na chambo cha manyoya. Wanataka kujua mashine iwe ya farasi wangapi, fimbo zinapatikana wapi, mgeni alipe kwa saa au kwa siku. Juu ya bwana diko, msimamizi wa diko, pale pwani vyombo vya wavuvi vinapofikia, haniulizi mtu. Na mimi nimeona boti za faiba mpya, zina turubai la kivuli na viti vya mito, zinazunguka na wageni hazina pwani ya kuzipokea, kwa sababu mwenyewe alitafuta wateja kabla ya kutafuta ridhaa ya wenziwe.

Bahari ni ya Mungu, sote tunasema hivyo. Lakini kila mwamba una watu wanaoamkia pale, kila shehia ya pwani ina kamati yake ya wavuvi, na sheha, mkuu wa shehia, anataka kujua nani kaingia na anafanya nini. Upande wa magharibi wa Pemba maji mengi yamo ndani ya eneo la hifadhi la Mkondo wa Pemba, PECCA, tangu 2005. Kisiwa cha Misali kimehifadhiwa tangu 1998, na mna sehemu yake isiyovuliwa kabisa, si kwa wavu, si kwa mshipi, wala kwa fimbo ya mgeni anayesema "mimi samaki namwachia". Kwa hivyo kabla ya kupokea hata shilingi, fika afisi ya uvuvi uulize leseni ya chombo chako na ya mgeni wako, na mipaka ya hifadhi uisikie kwa anayeilinda. Kisha nenda diko. Nenda bila ya mgeni, bila ya haraka, jioni watu wanaposhona nyavu. Sabahi, kaa, eleza unachotaka kufanya, sikiliza. Mara nyingi hutaambiwa "ndiyo" siku ile. Utaambiwa habari za samaki na bei ya mafuta, na wewe zungumza hayo hayo. Jibu litakuja baadaye kwa njia yake.

Uvuvi wenyewe una tabia yake ambayo nahodha lazima aijue. Sisi kwenye mshipi uzito tumeutia kwenye chubwi, ile risasi ya kuzamisha. Kwenye fimbo hizi chambo ni manyoya tu, hakina uzito, kwa hivyo kinachorushwa ni kamba yenyewe, nene na nzito. Mvuvi huitupa kwanza nyuma, inanyooka mita kumi na zaidi juu ya kichwa chako, ndipo anairusha mbele. Hapo ndipo adabu ya kwanza ilipozaliwa: hapiti mtu nyuma ya anayerusha. Chomboni mwenye zamu anasimama omo, mbele ya chombo, peke yake, wengine wamekaa, na wewe na upondo wako nyuma, tezi, unainama pale unapoona mkono wake unarudi. Ukiwachukua wageni wawili wape zamu kabla hamjaondoka. Usiwaache waanze kugombania omo samaki wameshaonekana.

Wageni wazoefu wanakuja na adabu zao kutoka mitoni. Kwenye mito ya samoni, kule Scotland au Norwei, mtu huingia pale kina cha maji kinapoanza, upande mto unakotoka, hurusha, hushuka hatua moja au mbili, hurusha tena, na mwenziwe huanza kule juu nyuma yake. Hakuna anayeingia mbele ya aliyetangulia. Kwenye mito mingine anayevua kwa kuupanda mto hakatiwi njia na mtu. Basi mgeni wa aina hiyo akifika Pemba, swali lake la mwanzo huwa: hapa nani ana haki ya kutangulia? Lazima uwe na jibu. (Wanaonisumbua mimi si hao. Ni wale walionunua fimbo mwezi uliopita.)

Jibu liko kwenye maji. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa kabisa kama saa nne asubuhi. Mgeni wako anataka kuwa kwenye fungu la mchanga pale maji yanapogeuka na kuanza kujaa, kwa sababu ndipo samaki wanapopanda kutafuta kaa na kamba. Saa ile ile wanawake wa mwani wamo mashambani mwao, wa chaza wameinama, na mwenye kuwinda pweza anapita na mti wake. Wote hao wamekuwepo kabla ya wewe kununua boti. Wao ndio waliotangulia.

Shamba la mwani ukiliangalia kwa mbali huoni ila vijiti vimechomoza. Ukisogea ndipo unaona kamba zimefungwa baina ya vijiti, na kila kamba ina taitai zake, na kila taitai imefungwa kwa mkono, imeshika kitawi kimoja cha mwani. Sasa mgeni ana viatu vya mpira, macho yake yako kwenye kivuli cha samaki mbele, mguu unanasa kamba. Anauvuta. Vijiti viwili vinang'oka, na maji yakijaa kamba nzima inakwenda na mawimbi. Mwenye shamba amekuona kutoka mbali, na hatamwambia mgeni neno. Jioni habari itafika kwa mama yako kabla ya wewe kufika nyumbani. Dawa yake ni kumzungusha mgeni upande wa bahari ya nje, na samaki akiingia baina ya kamba, mwache. Mwambie pia asiwapige picha wanawake walio kazini na kanga zimelowa. Wengi wakielezwa mapema wanaelewa. Wakielezwa kamera iko juu tayari, wanaona haya na siku imeharibika.

Kuna shehia zinazofunga miamba kwa ajili ya pweza, kwa kawaida kama miezi mitatu, na Kisiwa Panza ni miongoni mwa zinazojulikana kwa hilo. Mgeni wako havui pweza, sawa. Lakini kuonekana mnatembea juu ya mwamba uliofungwa, huku watu wazima wamejizuia na kitoweo chao, kunazua maneno ambayo hutaweza kuyafuta. Pita mbali.

Kwenye maji makubwa mambo ni mengine. Ukiona mtumbwi umetia nanga na mtu ameshika mshipi, punguza mashine mapema, maana wimbi la boti yako linatosha kumjazia maji. Tazama mkondo unaelekea wapi, kwa sababu chambo chake kiko upande huo, usipite hapo. Mnyooshee mkono, yeye atakuonyesha njia. Na boya za dema, ile mitego ya samaki, waambie wageni wasizisogelee. Najua kwa nini wanazitamani: fulusi na kolekole hupenda kujibanza chini ya kitu kinachoelea, na anayejua kuvua ataliona boya kama amewekewa yeye. Lakini ndoana ikinasa kwenye kamba ya dema, mgeni hukata kamba yake na kwenda zake. Ndoana imebaki. Mzee mmoja wa Makoongwe alinifungulia kiganja akanionyesha kovu, limeanzia chini ya kidole gumba likafika katikati. Alikuwa akivuta dema lake alfajiri, kamba ikamletea ndoana ndogo nyeusi yenye manyoya mekundu. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama najua ni ya nani.

Suala gumu kuliko yote ni la kumwachia samaki. Wazee wetu hawalipendi, na mimi siwabishii sana. Kumshika kiumbe, kumchosha, kumpiga picha na kumrudisha, huku kuna nyumba haijapika, mtu ana haki ya kuuliza hii ni riziki au mchezo. Ninavyofanya mimi ni kupatana na mgeni kabla hatujang'oa nanga. Jodari mdogo, nguru, changu wa ukubwa halali: hao ni kitoweo, hawarudi majini. Kolekole mkubwa wa fungu anaachiwa, kwa sababu akiliwa ameliwa mara moja, na akiachiwa mwakani ataleta mgeni mwengine. Hiyo ni hesabu ya biashara na wazee wanaielewa ukiwaeleza hivyo, kuliko kuwasomea mambo ya mazingira.

Ila kama ni kumwachia, aachiwe kweli. Kile kijino cha ndani ya ndoana kikandamizwe kwa koleo kabla ya kurusha, ndoana itoke bila kuchana. Samaki asiburuzwe mchangani. Mikono ilowe kwanza, maana mkono mkavu unamtoa ule ute unaomkinga. Mshike kwa shina la mkia, mkono mwengine chini ya tumbo, kichwa kielekee kwenye mkondo, umsubiri mpaka ajivute mwenyewe kutoka mkononi. Picha ni moja ya haraka, maji bado yanamchuruzika. Samaki aliyekaa juu huku mgeni anatafuta miwani yake, kisha akatupwa majini, huyo ameuawa, na afadhali angepelekwa jikoni.

Na anayepelekwa nchi kavu ana adabu zake pia. Hapa ndipo wengi wanapogombana na diko bila kujua kisa. Mgeni kakamata jodari mkubwa, hamtaki, kakwambia mchukue. Wewe unafika pwani unamuuza harakaharaka kwa bei ya kutupa, kwako ni faida tupu kwa sababu mafuta yamelipwa na mgeni. Mwenzako aliyekesha kwa mafuta yake mwenyewe anakuja nyuma yako na jodari wake, wachuuzi wanamwambia bei ya leo ni ile uliyouzia wewe. Umemvunjia soko. Samaki wa mgeni apite mnadani kama samaki yeyote, ushuru ulipwe, au agawiwe mabaharia na jirani wasiokwenda baharini. Mimi napendelea kugawa. Kichwa cha jodari kilichopelekwa nyumba ya mzee mgonjwa kinakumbukwa kuliko pesa.

Kuna siku mtakutana na ngalawa imevunjika mlingoti au mashine imezima mbele ya Ras Kigomasha, na mgeni amelipia siku nzima. Unakwenda kuivuta. Hili halina mjadala, na mwambie mgeni tangu asubuhi kwamba ikitokea itakuwa hivyo. Sijapata kumwona aliyekasirika akiwa amekwisha kuelezwa.

Upande wa kutafuta wateja, simu yako ndiyo duka lako siku hizi, na picha ndiyo bidhaa ya mbele. Basi chunga picha. Usionyeshe mahali: ukipiga na nyuma yake kuna rasi au mnara wa msikiti, wavuvi wa Mkoani mpaka Tumbe watajua ni fungu gani, na wiki ijayo utakuta boti nyengine tatu hapo. Geuza mgongo kwenye bahari wazi. Usipige kambi za dago, watu wanapolala, wanapopika na kuswali. Pale ni nyumbani kwao kwa muda. Picha ya mgeni usiitoe bila ya ruhusa yake, wapo waliokuja bila kuwaambia wakubwa zao wa kazi. Na usiweke picha ya samaki wa mwaka juzi ukaandika "leo". Wavuvi wa fimbo wanajuana dunia nzima, wanaulizana kabla ya kulipa, na mmoja akisema nahodha yule ni mwongo, hutajua hata kwa nini ujumbe umekoma.

Kinacholeta mteja kuliko picha ni majibu ya kweli. Mtu akikuuliza Julai kama aje, mwambie kusi limesimama, mkondoni mnachafuka, atapata siku za kuvua ndani ya visiwa tu, pale Fundo na Kokota panapokinga. Akitaka sulisuli mwambie asubiri kaskazi. Mpe siku za bamvua kwa tarehe ili apange safari yake kwa maji. Mweleze kwamba Ijumaa hamtoki mpaka baada ya sala, na kwamba mwezi wa Ramadhani anaweza kula na kunywa chomboni lakini si mbele ya watu pwani. Wapo watakaokwenda kwingine kwa majibu hayo. Waliobaki huja wakiwa tayari, na hurudi.

Suala la pesa limalizeni mapema kwa maandishi. Amana kiasi gani, nani analipa kama mgeni kachelewa na maji yamekwisha kupita, mabaharia wanapewa bakhshishi mkononi au inapitia kwako. Hii ya mwisho iwe mkononi mwao, mbele yako. Na upepo ukikataa usimtoe mtu baharini kwa sababu ameshalipa: mpe siku nyengine, na kama hana siku nyengine mrudishie pesa yake ukibakisha gharama ya mafuta uliyokwisha kununua. Mwambie hivyo kabla hajapanda ndege, si wakati mmesimama pwani mnatazama mawimbi.