Tenda za kuku na nageti si kitu kimoja jamani

Mdau umeuliza chiken tenda (vile vipande vya kuku vya kukaanga) zimeanzia wapi na kama ndo zilezile nageti. Hapana aisee. Nageti nyingi ni nyama ya kusaga iliyofinyangwa, tenda ni mnofu mzima, kile kipande chembamba kinachojificha chini ya kidari, ukikivuta kwa vidole kinaachia chenyewe na katikati kina uzi mweupe mgumu, kuku mmoja anavyo viwili tu basi. Ndo maana bei imechangamka.

Asili ni Marekani. Mgahawa wa Puritan Backroom uliopo Manchester, New Hampshire (sio Manchester ya mpira) wanasema wao ndo walianza kuziuza mwaka 1974. Halafu 1983 McDonald's wakasambaza nageti zao Marekani nzima, watu wakazoea kuku asiye na mfupa, unashika kwa mkono unachovya kwenye sosi unakula huku unaendesha gari. 1996 jamaa anaitwa Todd Graves akafungua mgahawa wa Raising Cane's huko Baton Rouge, Louisiana, menyu yake karibu yote ni tenda tu, wengi walimwona chizi, leo wako mpaka Kuwait na Dubai.

Watoto wanazipenda kwa sababu hazina mfupa wala ngozi, mi nazipenda kwa sababu zinaiva fasta. Ila ukipika nyumbani, loweka kwenye mtindi kwanza, halafu pitisha kwenye unga, yai, chenga za mkate, na mafuta yawe yamechemka kweli, la sivyo zinakunywa mafuta zinakuwa kama sponji.